Mikono Iliyoponda Singo

Kwa miaka mingi mabibi harusi wa Mjini walisingwa kwa singo, ule unga wa liwa na maua makavu wa kusugulia mwili, iliyopondwa na mikono ambayo mama zao wasingekubali iwashikie hata kikombe cha maji. Hawakujua. Walichojua ni kwamba singo nzuri kuliko zote Unguja ni ya Bi Khairat wa Mkunazini, kwamba liwa yake haitiwi unga wa mti mwingine, na kwamba mawaridi na langilangi zake hukaushwa kivulini zisipoteze harufu. Bi Khairat alikaa barazani, amejitanda vizuri, akipokea sifa. Mdogo wake, Shariffa, alikuwa chumba cha uani na kinu na mchi, akiponda.

Mtu asidhani kwamba Shariffa alikuwa mwoga. Tangu mdogo alikuwa na mdomo, na walimu wake walikuwa wakimtoa darasani kwa ajili ya mdomo huo. Kilichomtia uani ni ngozi. Mwaka 1985, alipokuwa msichana wa kidato cha pili, alitokwa na mabaka mekundu kwenye viwiko na magoti, na juu ya mabaka magamba meupe yaliyopukutika kila alipokaa. Yakapanda kichwani, yakashuka migongoni mwa mikono, mwisho yakaingia viganjani, na viganja vikapasuka.

Hapo watu wakapata kazi. Mmoja alisema ni choa, mwengine akasema ni ukoma wenyewe huo, wa tatu akasema binti amekaliwa na shetani wa pwani na shetani hataki mume. Kila mtu alikuwa na mjomba wake aliyepona kwa kitu fulani, na kila kitu hicho Shariffa alikijaribu. Alikunywa kombe la aya za Kurani, alifukizwa, alipelekwa Chwaka kuoga maji ya bahari alfajiri mpaka akashikwa na kifua. Hospitali alipewa dawa nyeusi ya kupaka inayonuka lami, kisha krimu nyeupe iliyosaidia kidogo na baadaye isisaidie kitu. Daktari mmoja, mwenye haraka zake, ndiye aliyemwambia jina: soriasisi. Akamwambia pia kwamba haina dawa ya kuiondoa, na kwamba haiambukizi. Shariffa alilishika neno hilo la pili na hakuliachia tena. Aliwaambia watu wa dukani, wa darasani, na wa nyumbani kwao, na wote waliitikia kwa kichwa huku wakisogeza vikombe vyao.

Siku iliyomweka uani ilikuwa siku ya binamu yake kuwekwa ndani kwa ajili ya harusi. Shariffa alikuwa ameponda singo ile kwa mikono yake, na kwa kuwa ndiye aliyeiponda, alikaa mkekani akatia mkono kwenye bakuli amsinge bi harusi. Shangazi yake alimkamata kifundo cha mkono mbele ya chumba kizima.

"Toka hapo," alimwambia. "Usimguse. Utamtia nuksi mtoto wa watu."

Halafu shangazi akachukua bakuli, akatoka nalo uani, akaimwaga singo yote mferejini, na akaagiza nyengine dukani. Shariffa aliisikia harufu ya mawaridi yake ikitoka mferejini siku ile nzima. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, na hayo ni machozi ya aina mbili tofauti kabisa.

Baada ya hapo dada yake Khairat, mpole, mwenye kuogopa maneno ya watu kuliko kitu chochote, alimjia na shauri. "Wewe unaponda kuliko sisi sote," alisema. "Basi ponda, mie ntauza. Jina liwe langu tu, watu wasiseme." Shariffa alikubali. Alikuwa kijana na alitaka kazi. Lakini hakuacha hata siku moja kujikasirikia kwa kukubali kule.

Mume alikuja kwa njia hiyo hiyo ya uani. Shaame, mtu wa Chwaka, mpishi katika hoteli moja ya Kiwengwa, alitumwa na dada zake kununua singo, akakosea mlango, akamkuta Shariffa amekunja mikono ya kanzu anaponda. Aliitazama mikono ile bila kugeuza macho.

"Inauma?" aliuliza.

"Inauma nikiulizwa," Shariffa alijibu.

Shaame akacheka, na wiki ya pili akarudi kununua singo ambayo dada zake hawakuihitaji. Ndugu walinung'unika kwamba ni mtu wa shamba na hana nasaba. Shariffa aliwaambia kwamba wenye nasaba walikuwa na miaka chungu nzima ya kuja kuposa, na hakumwona hata mmoja mlangoni. Akaolewa.

Watoto hawakujaaliwa, lakini alikuwepo Nada, binti wa Khairat, aliyekulia chumba cha kinu. Nada hakujua kuogopa, kwa sababu mikono ile aliiona kabla hajaambiwa kwamba ni ya kuogopwa. Alikaa mapajani mwa mama yake mdogo akiokota magamba kwenye kanga moja moja. "Mamdogo unapukutika kama mkate wa boflo," alisema siku moja, na Shariffa alicheka mpaka mchi ukamtoka mkononi. Ndipo mtoto akaongeza, kama anayepanga jambo la kesho: "Mie nikiolewa utanisinga weye. Simtaki mwengine."

Maneno ya mtoto, lakini Shariffa aliyaweka moyoni. Kila alipoponda singo ya binti wa mtu, alijua kuna bakuli moja mbele ambalo halitapita mikononi mwa Khairat.

Nada alipokua akaposwa na Mansour, kijana wa Malindi, mwana wa Bi Shaima. Huyu Bi Shaima alikuwa mwanamke ambaye akiingia nyumba ya watu hupitisha kidole juu ya kabati. Posa ilijibiwa, harusi ikapangwa ifanywe mwaka unaofuata, mwezi wa Shaabani, kabla ya watu kuingia kwenye saumu. Na mwaka huo huo wa posa, ndugu yao Talal aliyehamia Maskati akapiga simu. Alikuwa amempata daktari. Kuna dawa mpya, alisema, ya sindano, si ya kupaka, na gharama zote ni juu yake.

Daktari wa Maskati alikuwa mwanamke wa makamo asiye na haraka, na hilo peke yake Shariffa aliliona ni matibabu. "Hapana mdudu katika ngozi yako," alimwambia. "Ulinzi wa mwili wako umekosea. Unaipiga ngozi yako ukidhani ni adui. Mwilini mna ujumbe unaopelekwa wa kuchochea vita hivyo kila siku. Dawa hii inaukamata ujumbe njiani." Alimweleza kwamba haitengenezwi kwa kuchanganya kemikali kama vidonge vya kawaida. Hutolewa kwenye chembe hai zinazokuzwa maabara, na kwa hivyo ni dawa ya kuendekezwa: ukiimeza tumbo linaisaga, ukiiacha kwenye joto inaharibika. Ni ya kudungwa chini ya ngozi na kuwekwa kwenye friji.

Kwanza alipigwa picha ya kifua na kupimwa kifua kikuu, kwa sababu dawa hiyo huulegeza ulinzi wa mwili, na ugonjwa uliojificha unaweza kuamka. Aliambiwa akipata homa asijidunge mpaka aonwe na daktari. Akafundishwa kujidunga pajani mwenyewe. Mwisho daktari akamwambia jambo ambalo wengi hawapendi kuambiwa.

"Hii si kupona, Bi Shariffa. Ni kuzuia. Ukiiacha, yatarudi."

"Yarudi tu," alisema Shariffa. "Lakini yajue kwamba mara hii yanakuta mtu."

Wiki za mwanzo hakuna kilichobadilika. Kisha siku moja aliamka, akatikisa shuka, na hakikuanguka kitu. Mabaka yakawa bapa, yakapauka, viganja vikafunga. Alikwenda kwenye kabati la mke wa Talal akashika shela ya hariri, aone kama itanasa kwenye vidole vyake kama ilivyokuwa kawaida. Haikunasa. Aliitelezesha kwenye kiganja mara nyingi, akalia peke yake, kwa furaha na kwa uchungu wa miaka iliyopita.

Alirudi Unguja na akiba ya sindano ndani ya kisanduku cha barafu, akaiweka kwenye friji ya Khairat. Watu wakamiminika. Wanawake waliokuwa wakimpungia kwa mbali sasa walimpa mikono yote miwili. Bi Shaima naye alikuja, akaushika mkono wake, akaugeuza huku na huku kama anayenunua kitambaa.

"Mashaallah, Bi Shariffa," alisema. "Umekuwa msafi."

"Nilikuwa naoga hata kabla," alijibu Shariffa.

Bi Shaima alijifanya hakusikia. Akasema kwamba sasa hapana neno, mama mdogo amsinge bi harusi, ndiyo heshima. Shariffa alishukuru kwa adabu. Lakini alipobaki peke yake aligundua kwamba amekasirika kuliko siku ya mfereji. Ruhusa hii ilikuwa ya ngozi, si yake, na ngozi ile ilikuwa ya kuazima.

Basi mwaka 2008 umeme ukakatika. Si kukatika kule kwa kawaida, ukarudi jioni watu wakapiga makofi. Ulikatika kisiwa kizima, na siku zikapita, na wiki ya kwanza ikaingia ya pili. Watu walichota maji visimani, nyama sokoni Darajani ikauzwa mapema au ikatupwa, na mafriji yakawa makabati ya kuwekea nguo. Shariffa alinunua barafu kwa wavuvi mpaka barafu yenyewe ikaadimika. Kila asubuhi alifungua kisanduku, akakuta barafu imebaki vipande vichache ndani ya maji.

Shaame ndiye aliyesema. "Hotelini kwetu tuna jenereta. Nipe niende nayo."

Shariffa alizifunga sindano kwa taulo, kwa haraka, gari la Kiwengwa linangoja. "Kwenye baridi, Shaame," alimwambia. "Baridi sana. Usiniachie zikapata joto hata kidogo." Hayo ndiyo aliyosema, na alikuja kuyakumbuka neno kwa neno.

Sasa, mpishi wa pwani ana adui mmoja tu duniani, naye ni joto. Kila kitu Shaame alichowahi kukiokoa maishani mwake, samaki, kamba, ngisi, alikiokoa kwa kukigandisha. Jikoni mwao palikuwa na friji ya mboga, ambayo kila mpishi huifungua na kuifunga, na palikuwa na friza kubwa. Dawa ya mkewe hakuiweka na mboga. Aliiweka mahali pa heshima, chini kabisa ya friza, penye kamba wakubwa, na akawaonya wenzake wasiiguse. Siku ya mkewe kujidunga ilipofika, alikuja nayo nyumbani ameibeba mapajani njia nzima, akafika anatabasamu.

"Nimeiweka penye baridi kuliko pote," alisema. "Hata meneja hajui."

Shariffa alitoa sindano moja akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Ndani yake palikuwa na barafu. Kwenye boksi palichorwa alama ya theluji iliyopigwa mstari, alama ambayo yeye aliijua na Shaame alidhani ni pambo.

"Zimeganda," alisema.

"Si ndivyo?"

"Sivyo, Shaame. Zinataka ubaridi, hazitaki kuganda. Zikiganda zimekufa."

Alimpigia kelele. Alimwita majina ambayo mke hapaswi kumwita mume, na majirani waliyasikia. Shaame alikaa kwenye ngazi, mikono juu ya magoti, hakujitetea. Aliposema kitu alisema tu, "Uliniambia baridi sana." Na Shariffa, katikati ya ukali wake, akanyamaza, kwa sababu ni kweli. Akakaa ngazi ile ile karibu naye. Alikuwa bado amekasirika, lakini hakuwa na wa kumkasirikia.

Talal aliulizwa, daktari akaulizwa, jibu likawa moja: zitupwe, zisitumike hata zikiyeyuka. Nyengine hazitolewi mpaka mgonjwa aonwe na kupimwa upya, na nafasi iliyopatikana iliangukia Shaabani, wiki ile ile ya kumsinga Nada.

Magamba hayakuwa na haraka. Umeme ulirudi, watu wakasahau visima, na mabaka yakaanza kiwiko cha kushoto, mahali pale pale yalipoanzia zamani. Harusi ilipokaribia yalikuwa yameshafika migongoni mwa mikono, na kiganja cha kulia kimepasuka. Khairat alimkuta anaponda, akaona, akafunga mlango.

"Nenda Maskati," alisema. "Nafasi ndiyo hiyo imetokea. Watu wataelewa. Nada ntamsinga mie."

"Dawa inachukua wiki na wiki kufanya kazi," Shariffa alimwambia. "Nikenda ntarudi na magamba yangu haya haya na harusi ishapita. Unataka nipone, dada, au unataka nisionekane?"

Khairat akasema kwa sauti ndogo, "Basi vaa glavu."

"Singo haisingwi kwa glavu. Na mie nimechoka."

Alimpigia Talal akamwambia amtafutie nafasi nyengine, hata ikiwa baada ya Idi. Talal alighadhibika, akasema mtu mzima hachezi na afya yake kwa ajili ya bakuli la maua. Shariffa alimwambia kwamba mikono iliingoja dawa miaka yote hiyo, itangoja na miezi miwili. Halafu akaenda kwa Nada, kwa sababu mwili wa kusingwa ni wa Nada, na hakutaka kuushika kwa hila. Alikunja mikono ya kanzu mpaka viwikoni.

"Shikamoo mamdogo," alisema Nada.

"Marahaba. Tazama kwanza, kisha useme. Ukisema hapana, sikasiriki."

"Nshatazama tangu mdogo," Nada alijibu. "Weye tu ndo unaetazama leo."

Siku ya siku, baada ya alasiri, chumba kilijaa. Udi ulifukizwa, mkeka ukatandikwa, na Nada akakaa katikati amefunga kanga kifuani. Shariffa alinawa mikono mbele ya watu, akapiga magoti, akamimina marashi kwenye bakuli akakoroga. Hakuvaa glavu, na mikono ya kanzu ilikuwa imekunjwa. Minong'ono ikaanza upande wa mlangoni, kisha ikakatika, kwa sababu Bi Shaima alikuwa ameingia na binti zake wawili.

Bi Shaima aliitazama mikono kwa muda mrefu. "Si ulipona?" aliuliza.

"Sikupona. Nilikuwa na dawa, na dawa imeharibika. Ntaipata tena. Huu ni ugonjwa ule ule, Bi Shaima, na hauambukizi leo kama ulivyokuwa hauambukizi jana."

"Hapana. Mkwe wangu hasingwi kwa mikono hiyo." Alimgeukia Khairat. "Mwaga hiyo, mama. Ponda nyengine, umsinge mwenyewe. Singo yako sote tunaijua."

Khairat aliangalia chini. Mfereji wa uani ulikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, na Shariffa aliuona mfereji mwengine, wa zamani, na bakuli lililomiminwa. Alilivuta bakuli hili karibu na magoti yake.

"Bi Shaima, binti zako hawa uliwaoza," alisema. "Singo ulinunua wapi?"

"Kwa Khairat. Mji mzima unajua."

"Dada yangu hajui hata mchi unashikwaje. Muulize."

Chumba kizima kilimgeukia Khairat, yule aliyeishi maisha yake yote asisemwe na watu. Ingalikuwa rahisi sana kukana, na Shariffa alijua kwamba akikana yeye hataweza kumsamehe.

"Ni kweli," alisema Khairat. "Anaponda Shariffa. Siku zote alikuwa anaponda yeye. Mie nilikuwa nauza tu."

"Basi hao binti zako wamesingwa na mimi," Shariffa alisema, "na wa kila nyumba iliyo humu ndani. Mikono hii imewafika nyote miilini. Aliyeota gamba hata moja na asimame anioneshe."

Hakusimama mtu. Mwanamke mmoja wa makamo alijinusa mkono, sijui akitafuta nini baada ya miaka yote hiyo. Bi Shaima alikuwa amekwisha kusimama, akabaki hajui aende wapi na kusimama kwake. Binti yake mkubwa, Tabia, aliketi mkekani akavua viatu.

"Kaa, mama," alisema. "Tunachelewa."

Bi Shaima hakukaa. Alitoka akaenda kukaa barazani peke yake, na wawili watatu wakamfuata. Harusi hakuivunja, kwa maana Mansour asingekubali, lakini alikaa huko nje mpaka mwisho. Waliobaki walisogea kujaza nafasi mkekani.

Shariffa alitia mikono yote miwili kwenye bakuli. Marashi yaliingia kwenye mipasuko ya kiganja na yakachoma vikali, akauma meno asionyeshe. Nada alinyoosha mkono. Shariffa aliupaka kuanzia begani, taratibu, akisugua kwa kiganja kizima mpaka singo ilipoanza kukauka na kupukutika, maua makavu na magamba pamoja, juu ya mkeka safi wa harusi. Alimaliza vidole kimoja kimoja, akafuta jasho kwa bega.

"Lete na wa pili," alisema.